Twiga wa Kwenye Gemu na Muuzaji Asiye na Risiti

Kazi inayonipa ugali ni ununuzi katika ofisi moja ya Serikali hapa Mtumba, Dodoma. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiomba nimnunulie twiga, nilimuuliza maswali yaleyale ambayo ningemuuliza mkuu wa idara yeyote anayeleta maombi mezani kwangu: ni kitu gani hasa, anakiuza nani, kinapokelewaje, na kikiwa na kasoro tutamdai nani. Swali la kwanza alilijibu kwa ufasaha mkubwa. Yaliyobaki aliniachia mimi, nami nikayafanyia kazi jioni kadhaa, maana sikuwa nimewahi kununua kitu cha aina hiyo na sikutaka kulipa kabla ya kulielewa soko lenyewe.

Twiga huyo hana mwili. Anaishi ndani ya Adopt Me!, gemu lililoanza mwaka 2017 katika Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, na kupata umaarufu mkubwa baada ya kuongezewa wanyama wa kufuga mwaka 2019, hata kufikia Aprili 2020 likawa na wachezaji zaidi ya milioni 1.6 kwa wakati mmoja. Mchezaji huangua yai, akapata mnyama, akamlisha, akamwogesha na kumlaza, na kadiri anavyomtunza ndivyo mnyama anavyopita hatua sita za ukuaji mpaka anapokuwa mkubwa kamili. Wanyama hupangwa kwa madaraja ya uadimu, na daraja la juu kabisa huitwa Legendary. Humo ndimo alimo twiga, ambaye kwenye gemu anajulikana kwa jina la Giraffe.

Jambo lililonivutia zaidi ni chanzo cha uadimu wake. Twiga huyu alitoka katika yai lililoitwa Safari Egg, lililouzwa mwaka 2019 kwa Bucks 750, ambazo ni fedha ya ndani ya gemu na ambazo mtoto yeyote aliweza kuzichuma kwa kulea wanyama wake, bila mzazi kutoa hata shilingi moja. Baadaye mwaka huohuo yai hilo liliondolewa na jingine likachukua nafasi yake. Tangu hapo twiga mpya ni nadra kupatikana nje ya mayai machache ambayo wachezaji waliyahifadhi bila kuyaangua. Hali hiyohiyo iliwapata majoka wa mwaka huo: Shadow Dragon, aliyetolewa katika msimu wa Halloween, na Frost Dragon wa Krismasi, kila mmoja aliuzwa kwa Robux 1,000 (fedha ya jukwaa la Roblox, ambayo hununuliwa kwa fedha halisi), yaani kama dola 12 kwa bei ya Robux ya wakati ule, kisha dirisha likafungwa.

Kufungwa kwa dirisha hakuelezi kila kitu, kwa sababu wanyama waliokwisha kutoka nao wanaendelea kupungua. Gemu linamruhusu mchezaji kuchukua wanyama wanne wa aina moja, wote wakiwa wakubwa kamili, na kuwaunganisha wawe mnyama mmoja anayeng'aa, aitwaye Neon. Neon wanne nao huunganishwa wakawa Mega Neon. Maana yake ni kwamba kila Mega Neon wa twiga anayepita mbele ya macho ya mtoto amemeza twiga kumi na sita, na hakuna namna ya kuwarudisha. Ongeza hapo akaunti zilizotelekezwa na watoto waliokua na kuhamia mambo mengine, zikiwa na wanyama ndani yake ambao hakuna atakayewagusa tena. Mtu akiielewa hesabu hiyo, haimshangazi kuona kitu kilichokuwa bure mwaka 2019 kikitajwa leo kwa bei inayokaribia posho yangu ya kujikimu ya siku nikiwa safarini.

Wauzaji niliowakuta ni wa aina tofauti. Wapo wenye tovuti zilizopangwa vizuri, zenye picha za wanyama, kikapu cha manunuzi na mhudumu wa kujibu maswali. Wapo watu binafsi wanaotangaza katika mitandao ya kijamii, na wapo vijana wetu wenyewe katika makundi ya WhatsApp na Telegram, wanaoandika Kiswahili na kukubali malipo ya simu. Tangazo lao huwa na herufi ambazo mgeni lazima azijue kabla hajauliza bei: R ni mnyama aliyenyweshwa dawa ya kumwezesha kupandwa, F ni aliyenyweshwa dawa ya kuruka, N ni Neon na M ni Mega Neon. Hivyo MFR na FR ni bidhaa mbili zilizo mbali sana kwa bei. Niliona matangazo yenye picha ya twiga anayeng'aa huku bei iliyoandikwa chini ikiwa ya twiga wa kawaida, na muuzaji alipoulizwa alisema picha ni ya mfano tu. Katika zabuni, jibu la namna hiyo lingemtoa mzabuni hatua ya kwanza.

Utaratibu wa kukabidhiana ndio unaotakiwa kutazamwa kwa makini kuliko bei. Muuzaji humwomba mnunuzi jina la akaunti, humtumia kiungo cha kuingia katika seva moja naye, wakakutana humo, kisha dirisha la kubadilishana hufunguliwa. Muuzaji huweka twiga upande wake, mnunuzi huweka kitu kisicho na thamani au asiweke chochote, kila mmoja hukubali, na skrini ya pili huwataka wathibitishe. Skrini hiyo ya pili ipo kwa sababu matapeli walikuwa na mtindo wa kubadilisha mnyama dakika ya mwisho na kumweka anayefanana naye. Kwa ajili hiyohiyo gemu linamtaka mchezaji afanye jaribio fupi kuhusu utapeli na kupata leseni kabla hajaruhusiwa kubadilishana wanyama wa madaraja ya juu. Mpwa wangu alilifanya huku nikimtazama, na ninakiri kwamba maswali yale yalikuwa na maana kuliko semina nyingi nilizowahi kusainia mahudhurio.

Lakini angalia kinachobaki katika kumbukumbu baada ya makabidhiano hayo. Gemu linaona kwamba mchezaji mmoja alimpa mwenzake twiga bila kupokea chochote. Fedha haionekani popote, kwa sababu ilipita nje, kwa simu au kwa kadi. Ikiwa mnunuzi amelipa na muuzaji asitokee, hakuna muamala wowote ndani ya gemu wa kulalamikia, na ikiwa muuzaji ametoa twiga na baadaye akadai kuwa alitapeliwa, kumbukumbu zitamuunga mkono yeye. Hapa ndipo nilipoona kwamba neno la muuzaji, "sisi ni waaminifu, uliza wateja wetu", ndiyo hati pekee iliyopo mezani.

Katika mnada wa Msalato mtu akinunua mbuzi anamshika, anamtazama meno, anamuuliza dalali katoka kwa nani, na mwenye shaka anaweza kwenda hadi kwenye zizi alikotoka. Mnyama wa kwenye gemu hana hata hereni. Twiga aliyepatikana kwa haki na twiga aliyeibwa katika akaunti ya mtoto mwingine wanafanana kwa kila kitu, na mnunuzi hana njia ya kuwatofautisha.

Niliyasoma pia masharti, kwa kuwa ni mazoea ya kazi. Roblox haimuuzii mchezaji kitu kikawa mali yake. Inampa ruhusa ya kukitumia ndani ya jukwaa, na inakataza kuuziana vitu hivyo kwa fedha halisi nje ya utaratibu wake. Waendeshaji wa Adopt Me! nao wanakataza waziwazi kuuza na kununua wanyama kwa fedha halisi, na anayekiuka anaweza kufungiwa akaunti. Nilipofika hapo nilimkumbuka twiga wetu wenyewe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatamka kwamba wanyamapori wote nchini ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo hata mtu akija Dodoma na twiga mzima kwenye lori na bei nzuri mdomoni, tatizo la kwanza si bei, ni kwamba hana cha kuuza. Muuzaji wa mtandaoni, hata awe mwaminifu kiasi gani, yuko katika hali hiyohiyo. Anaweza kumhamisha twiga kutoka akaunti yake kwenda akaunti ya mpwa wangu, lakini umiliki hawezi kuutoa kwa kuwa hajawahi kuwa nao, na kampuni ikigundua, anayepoteza akaunti yenye kazi ya miezi mingi ni mtoto.

Kuhusu malipo nitasema machache, kwa kuwa wasomaji wengi wa hapa wanayajua. Muuzaji mmoja wa kundi la Telegram alinipa namba ya simu, na nilipoiingiza ili nione jina kabla ya kuthibitisha, jina lililotokea halikuwa lile alilokuwa akijitambulisha nalo. Aliniambia ni la dada yake. Nilifuta muamala hapohapo. Fedha ya simu ukishaituma kwa hiari yako na mpokeaji akaitoa kwa wakala, kuirejesha ni kazi ngumu sana, na namba za utapeli tunaweza kuziripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, jambo ambalo husaidia watu wengine kuliko aliyekwisha kutuma. Wa tovuti ya nje alitaka nimlipe kwa PayPal kwa njia ya marafiki na ndugu, ambayo haina ulinzi wa mnunuzi, na hilo nalo lilinitosha. Yeyote anayeomba nywila ya akaunti ya mtoto, au maandishi marefu ya kunakili kutoka katika kivinjari "ili aweke mnyama mwenyewe", huyo hauzi kitu; anachotaka ni akaunti.

Niliandika matokeo yangu kwenye karatasi moja, kama ninavyofanya kazini, nikamsomea mpwa wangu. Alisikiliza kwa heshima yote, kisha akauliza, "Kwa hiyo, mjomba, fedha ipo ila muuzaji ndiye hayupo?" Sikuweza kukana. Tulikubaliana, mama yake akiwepo, kwamba sehemu ya fedha iliyotengwa itanunua Robux kutoka Roblox yenyewe kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, ambayo mimi huweka kiasi kinachohitajika tu na si zaidi. Akaunti ni ya mtoto, lakini Sheria yetu ya Mikataba haimtambui aliye chini ya miaka 18 kuwa na uwezo wa kuingia mkataba, kwa hiyo mnunuzi ni mimi na barua pepe ya risiti inakuja kwangu. Ilikuja ndani ya dakika chache. Nimeihifadhi.

Kwa Robux hizo alinunua mnyama ambaye waendeshaji wenyewe wanamuuza ndani ya gemu, akambadilisha kwa wawili wa daraja la chini kidogo wanaotafutwa sana na wenzake, na sasa anajenga Neon wake wa kwanza kwa lengo la kupanda polepole kuelekea kwa twiga kwa njia ya kubadilishana. Ni njia ndefu. Amenionyesha jedwali alilolichora kwenye daftari la hisabati, lenye thamani ya kila mnyama kwa kadirio lake mwenyewe, na nimeona kwamba anapunguza thamani ya anachotaka kupokea na kupandisha ya anachotoa, tabia ambayo nimeizoea kwa wazabuni wenye umri mkubwa zaidi.

Ugumu uliobaki ni muda, kwa kuwa wanyama wanne lazima wakue kikamilifu na shule haimruhusu kukaa kwenye tableti siku nzima. Yeye akiwa anafanya kazi za shule jioni, nimepangiwa zamu ya kuwalisha wawili na kuwaogesha, na jana aliniandikia onyo kwa sababu mmoja alilala njaa.