Arobaini mbili na nusu

Leo ni siku ya 57. Tarehe za kawaida nimeziacha tangu Chennai. Kule madaktari walihesabu kuanzia siku waliyonirudishia seli zangu mwenyewe, wakaiita siku ya sifuri, na hesabu hiyo nimerudi nayo kwetu Amu, yaani Lamu.

Ugonjwa wenyewe sina hamu ya kuusimulia sana. Mgongo uliniuma mwaka mzima, nikasuguliwa mafuta ya kila namna, mpaka siku moja nikainua ndoo isiyojaa hata nusu, pingili ikavunjika. Kumbe ni mailoma, saratani ya seli za plazma zinazokaa ndani ya uboho. Nikapewa dawa miezi kadhaa, kisha safari ya India. Wakavuna seli shina, zile zinazozaa seli za damu, kutoka kwenye damu yangu, wakazigandisha, wakanipa melfalani kali ya kuua yaliyobaki, ndipo wakanirudishia zangu. Dawa ile ilipokuwa ikiingia mshipani nilinyonya barafu mfululizo ili kinywa kisichubuke. Mume wangu anasema siku ya seli nilinuka kitunguu thaumu mpaka kesho yake, kwa sababu ya ile dawa wanayozihifadhia seli kwenye baridi. Mimi sikusikia harufu yoyote. Seli nyeupe zilishuka zikakaribia sifuri, siku ya 12 zikaanza kupanda.

Kurudi nyumbani ndiko kulikonishinda kueleza. Hapa mtu akiugua, mlango haufungwi. Watu huja kumtazama mgonjwa kwa sababu ni haki yake na ni thawabu kwao, na asiyekuja hulaumiwa. Mimi nimeagizwa siku 100 bila mkusanyiko, bila kubusiwa mkono, na mwenye mafua asinikaribie. Ningemwambiaje jirani aliyechangia nauli yangu kwamba pumzi yake ni hatari?

Shangazi alinisikiliza huku akivuta tasbihi. Nilipomaliza akasema, "Basi hiyo ni arobaini ya mzazi, mwanangu. Ila yako ni arobaini mbili na nusu."

Yakaisha. Wakipiga hodi huambiwa, "Yuko ndani, hajatoka arobaini," nao huelewa. Wengine hucheka, maana nina miaka 54.

Nalala chumba cha ndani kabisa, kile unachokifikia ukishapita daka la mlangoni, kiwanda, yaani ua wa ndani, na misana, zile kumbi ndefu, yote miwili. Bibi alimzaa mama humu, mama akanizaa mimi humu. Nimekitazama upya. Waliokijenga hawakujua habari za vijidudu, lakini walijua kwamba mtu mwenye mwili mbichi awekwe mbali na njia. Na mimi ni mbichi kweli. Kichwa ni kitupu kama cha kichanga siku ya akika. Hata chanjo za utotoni huenda mwili umezisahau. Nitaanza upya baada ya miezi sita au zaidi, na ile ya surua, kwa kuwa ina virusi hai, ingoje miaka miwili. Mama wa watoto wanne na kadi ya kliniki!

Ila mzazi hulishwa kila kitamu. Mimi achari hapana, kachumbari hapana, dafu la kukatwa njiani hapana. Maji yachemshwe. Vumbi la ujenzi nilikimbie kwa sababu ya kuvu, na jirani ndiyo kwanza anabomoa ukuta wake wa matumbawe. Mavi ya punda usiseme, mji mzima ni wao. Lililoniuma zaidi ni asumini. Maua mabichi yasiingie chumbani. Mke mwenzangu wa mtaa mmoja, maana waume zetu ni ndugu, aliniletea kikuba alichokitunga mwenyewe, ikabidi kining'inizwe mlangoni kwenye daka. Wapita njia walinufaika.

Kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji ya kunywa, lilizua mjadala. Shangazi alitaka ninywe, daktari hataki maji yasiyochemshwa. Mwishowe tukachemsha maji, tukaosha sahani kwa maji ya moto, mwalimu akaandika kwa zafarani, nikanywa. Kila mmoja aliridhika, nami nilipata ladha ya zafarani, kitu cha kwanza kukionja tangu Chennai. Wali ulikuwa bado kama karatasi.

Nimeonywa kwamba joto likifika 38 nisingoje asubuhi wala nisimeze dawa ya kulishusha. Niende hospitali saa hiyo hiyo. Usiku wa siku ya 41, saa nane, kipimajoto kikasoma 37.8. Hapa mtaani gari haliingii. Hospitali ya mjini ingenianzishia sindano, lakini likizidi hilo ni kuvuka hadi kisiwa cha Manda kungoja ndege, au Mokowe kule bara na barabara ndefu ya Mombasa. Mpwa wangu mwenye boti akaenda kulala gatini, simu kifuani. Mume wangu alikuwa akinipima kila nusu saa huku akijifanya hana wasiwasi, na aliniudhi kwa hilo. 37.8. 37.8. 37.6. Ilipoadhiniwa alfajiri ilikuwa 37.1. Mpwa akarudi na mahamri ya moto, tena akayala peke yake, maana mimi harufu ya mafuta ilinigeuza tumbo.

Jioni hupanda juu. Uchochoro wetu ni mwembamba hata dirisha langu na la jirani yanatazamana. Mwanzo aliona haya, akawa anapunga mkono tu. Sasa tunaongea mpaka magharibi, mimi na barakoa yangu, yeye anachambua mchele. Ameniambia nani kaposwa, nani kakataa, na mahari ilivyogombaniwa. Juzi aliniuliza, "Umesikia?" Nikamwambia niko arobaini, nitasikia wapi. Akaweka ungo chini, akajisogeza dirishani.