Boxing Day Kunduchi: tulivyokula sikukuu na watoto kumi na mmoja

Desemba 26 ndiyo siku ngumu kuliko zote kwenda Kunduchi Wet 'n' Wild, ile bustani ya michezo ya maji ya pwani ya Dar es Salaam, na ndiyo siku pekee ambayo familia yetu yote ilikuwa huru. Kaka yangu anafanya kazi za zamu, wifi ana duka, na dada alikuwa ameleta wanawe kutoka Dodoma na baada ya siku mbili walikuwa wanarudi. Kwa hiyo hatukuwa na nafasi ya kuchagua siku. Kazi ilikuwa kupanga tutaendaje na watoto kumi na mmoja, mkubwa ana miaka kumi na minne na mdogo ana mitatu, mahali penye maji na umati, halafu jioni tuondoke na vichwa vilevile tulivyokwenda navyo.

Foleni haikunisumbua akili, wala jua, wala gharama. Kilichoninyima usingizi ni umati wa watoto. Wanaokumbuka Idd el-Fitri ya mwaka 2008 kule Tabora watanielewa. Watoto wapatao 20 walikufa ndani ya ukumbi wa disko, siku ya sikukuu, kwa sababu walijazana kuliko ukumbi ulivyoweza kubeba. Ndiyo maana hadi leo sikukuu zikikaribia polisi hutukumbusha kwamba disko toto ni marufuku. Maji nayo yana yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu mdomo wake unaingia na kutoka majini na hapati pumzi ya kuita. Sasa weka hapo muziki wa sikukuu na watu mamia wanaoshangilia, uone kama utamsikia.

Maandalizi tuliyaanza mbali. Tangu Agosti kila mtu mzima alikuwa anamtumia wifi mchango wake kwa simu kila mwisho wa mwezi, kidogo kidogo, na Desemba hakuna aliyekopa. Wiki ya Krismasi nilipiga simu kuulizia kiingilio cha siku za sikukuu, muda wa kufungua, utaratibu wa chakula, na nguo zinazoruhusiwa kwenye maji. Nakushauri uulize mwenyewe, usitegemee aliyekwenda mwaka juzi, maana bei na utaratibu hubadilika.

Halafu nikawapima watoto. Mabomba makubwa ya kuteleza huwa na kimo cha chini kinachoruhusiwa, mara nyingi karibu na sentimita 120, na mwenye kupungukiwa haruhusiwi hata akilia. Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikawasimamisha mmoja mmoja kwenye fremu ya mlango, nikachora alama kwa penseli. Mtoto wa dada, miaka sita, alipungukiwa. Alinuna jioni nzima. Lakini alinunia nyumbani, akabembelezwa na bibi yake, na siku ya safari alikuwa anajua kabisa kwamba yeye ni wa mabwawa ya wadogo. Ningemwacha akayajue hayo juu ya ngazi, baada ya kupanga foleni juani, ingekuwa balaa.

Nguo za kuogelea nilizitafuta kwenye mitumba ya Karume. Wifi aliniona nazirudisha nguo nzuri nzuri za bluu na kijani akadhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia, wifi, subiri tufike nyumbani. Nilijaza maji kwenye beseni la bluu, nikazamisha kaptura ya bluu na fulana ya rangi ya chungwa, nikayavuruga maji kwa mkono. Kaptura ilipotea. Ukiinama unaona kivuli tu, kama doa la beseni lenyewe. Fulana ya chungwa iliwaka kule chini, hata ukisimama mlangoni unaiona. Wifi hakuuliza tena. Watoto wote kumi na mmoja walivaa chungwa.

Maboya ya kupuliza, yale ya kuvaa mikononi, niliyakataa japo mama aliyapenda. Yanachomoka, yanavuja, na ubaya wake mkubwa ni kwamba yanampa mtu mzima moyo wa kugeuka pembeni na kuanza mazungumzo.

Asubuhi yenyewe tulikodi Hiace kwa jirani na tukatoka Tabata mapema, watoto wameshakunywa chai na maandazi. Anayeishi Dar anajua kwamba Krismasi nusu ya jiji imehamia mikoani, hasa Kilimanjaro, kwa hiyo asubuhi barabara ni nyeupe. Mandela, Ubungo, Sam Nujoma, Mwenge, kisha Bagamoyo moja kwa moja. Watu waliobaki mjini ndio wote wanaohamia pwani, lakini wengi wao huanza kutoka nyumbani baada ya saa nne. Hiyo ndiyo nafasi yako. Asiye na usafiri apande daladala ya Tegeta kutoka Mwenge, ashuke Mtongani, kisha achukue bajaji mpaka getini. Kile kipande cha mwisho usikitembee kwa miguu na watoto wadogo.

Geti lilipofunguliwa tulikuwa miongoni mwa wa kwanza, na hapo sikuruhusu mtu atandike mkeka kwanza. Wakubwa wote na kaka yangu walikwenda moja kwa moja kwenye mabomba marefu, yale ambayo mchana hayafikiki. Mabomba haya utaratibu wake mara nyingi ni huu: mhudumu wa juu hamwachii mtu mpaka wa mbele yake awe ametoka kwenye maji ya chini. Hata watu wawe elfu moja, bomba haliongezi kasi, kinachoongezeka ni foleni tu. Niliwafundisha wakubwa hesabu ndogo. Akiachiwa mtu mmoja kila nusu dakika, basi watu 60 mbele yako ni dakika 30 za kusimama. Wakawa wanahesabu vichwa kabla ya kuamua, na ule mtindo wa kukimbilia foleni ndefu kwa kudhani ndiyo tamu ukaisha. Asubuhi ile waliteleza mpaka wakaanza kuchagua. Saa saba mchana, foleni za palepale zilikuwa zimeshuka ngazi na kupinda.

Mama tulimtafutia kiti chini ya kivuli, si mbali na bwawa la wadogo, tukafunga kanga yake nyekundu juu kwenye nguzo. Hapo ndipo pakawa kituo. Kila mtoto aliambiwa, na akarudia kwa mdomo wake: ukipotea, simama, tafuta mhudumu mwenye sare, mwambie unataka kwenda kwa bibi mwenye kanga nyekundu. Namba yangu ya simu niliiandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kitambaa, nikakishonea ndani ya nguo ya kila mmoja. Kuandika mkononi hakufai, maji na losheni vinafuta.

Sasa nifike kwenye kofia, kwa sababu hili ndilo ninalotaka zaidi watu walichukue.

Familia kubwa ikienda kwenye maji huwa kuna watu wazima wengi, na kila mmoja anaamini mwenzake anaangalia. Hakuna mzembe hapo, wote wanapenda watoto, ila macho ya wote yamekuwa macho ya hakuna. Sisi tulinunua kofia moja pana ya ukindu. Mwenye kofia kichwani ndiye mlinzi wa bwawa la wadogo, na akishaivaa hashiki simu, hali, hapigi picha, hapokei salamu ndefu. Zamu ni nusu saa. Kabla ya kuivua anahesabu watoto kwa sauti, kwa majina, na anayepokea anarudia majina hayohayo huku akimwonyesha kila mmoja kwa kidole. Na kwa yule wa miaka mitatu kulikuwa na sharti la ziada: awe na mtu wake ndani ya maji, kwa umbali wa kunyoosha mkono tu ukamshika. Waokoaji wapo, na wanafanya kazi yao, lakini mwokoaji mmoja anaangalia bwawa zima. Yeye ni msaada wa mwisho. Mlinzi wa kwanza wa mtoto wako ni wewe.

Kuna wakati kofia ilitupa faida mbele ya macho yetu. Wifi alikuwa anamkabidhi kaka yangu, jua limeshapanda, bwawa limejaa mpaka maji yamegeuka rangi. Kaka alinyoosha mkono achukue, wifi akaishika. "Baba, hesabu kwanza." Kaka akahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Wanatakiwa watano. Akarudia, wanne. Wifi hakuvua kofia wala hakuhama pale, maana wale wanne nao walihitaji macho. Kaka alizunguka ukingo wa bwawa akitafuta rangi ya chungwa tu, hakuangalia sura. Alimpata yule wa miaka sita upande wa pili, amejibanza nyuma ya familia nyingine kwenye foleni ya bomba fupi, mzima, meno yote nje. Yote haya hayakufika dakika mbili. Bila ile hesabu, tungegundua saa ya chakula.

Mama, ambaye asubuhi alisema kofia ni mambo ya kizungu, alianza kuisimamia yeye mwenyewe kwa saa ya mkononi. "Zamu imeisha, njoo upokee!" Hata shemeji, mume wa dada, ambaye ni mtu wa simu muda wote, alikaa nusu saa zake ukingoni bila kuigusa. Nilimheshimu kwa hilo.

Chakula cha mchana tulikula saa tano na nusu. Ilionekana mapema mno, lakini mtoto aliyecheza majini tangu asubuhi ana njaa hata kama hasemi, na saa saba kila mtu anapanga foleni ya kuku na chipsi. Tukala tukiwa tumekaa. Baada ya hapo, kuanzia saa sita hadi saa tisa, hakuna aliyeingia kwenye maji. Desemba Dar joto linagonga nyuzi 31 au 32, na kwa ule unyevunyevu wa pwani mwili unahisi zaidi ya hapo. Wadogo walilala kwenye mikeka, wakubwa wakacheza karata, na upepo wa kaskazi ulitusaidia sana. Kila saa mbili tulipakana losheni ya kuzuia jua, na hapo nilibishana kidogo na dada aliyesema sisi weusi jua halituunguzi. Linatuunguza. Angalia mabega ya mtoto yanavyobanduka ngozi wiki moja baada ya kutoka ufukweni.

Maji ya kunywa watoto walipewa kwa lazima, kikombe kila walipotoka bwawani. Choo vilevile, wawiliwawili, na mtu mzima mlangoni.

Saa tisa tulirudi majini, na kwa kweli hapo ndipo palikuwa na furaha yangu mwenyewe. Niliacha zamu yangu kwa wifi, nikapanda bomba moja na binti yangu mkubwa. Juu pale unaiona bahari yote ya Kunduchi, ngalawa za wavuvi zimelala kwenye mchanga kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Binti alinishika mkono, akanambia, "Mama, usifumbe macho." Sikufumba.

Tuliondoka saa kumi na nusu, watoto bado wanataka kubaki. Ni afadhali walalamike garini kuliko kungoja saa kumi na mbili, umati mzima unapotoka kwa pamoja, giza linakaribia, watoto wamechoka na kila geti lina msukumano. Kabla ya kupanda gari tulihesabu kwa majina, mara ya mwisho kwa kofia. Bagamoyo Road ilikuwa imeanza kujaa maeneo ya Africana, lakini tulifika Tabata kabla ya magharibi.

Kama una uhuru wa kuchagua siku, usiende tarehe 26 wala Januari mosi. Nenda siku ya kazi katikati ya wiki, baada ya mwaka mpya na kabla shule hazijafunguliwa. Na kama huna uhuru huo kama sisi tulivyokuwa, basi nenda mapema, kuleni mapema, tokeni mapema, na mpangiane zamu kabla hamjatoka nyumbani, kila mtu akijua jina la anayempokea. Kama wadogo wa chini ya miaka sita ni wengi kuliko watu wazima mlio nao, punguza watoto au ongeza watu wazima. Sisi mwaka huu dada analeta mmoja zaidi, mchanga, kwa hiyo tumeshamwomba binti wa mjomba aje naye.