Mwendokasi wa Burtonsville

Majibu yalitoka siku moja, Februari mwaka juzi. Binti yetu amekubaliwa Montgomery Blair, programu ya sayansi, hesabu na kompyuta. Amekubaliwa pia Richard Montgomery, programu ya IB, yaani International Baccalaureate, diploma ya kimataifa ya sekondari. Nilikuwa kwenye gari nje ya maabara, zamu yangu inaanza saa tisa alasiri, nikasoma mara tatu halafu nikampigia baba yake. "Mama Zawadi," akasema, "sasa hapo tunalia au tunachinja?"

Kwa wasiojua: huku Maryland, kaunti ya Montgomery, baadhi ya shule za serikali zina programu nzito ndani ya shule ya kawaida. Wanaziita magnet, yaani sumaku, na jina halikuja bure. Ile ya Blair ilianza mwaka 1985, na sababu moja ilikuwa kuvuta familia za Wazungu zipeleke watoto kwenye shule ambayo weusi na wahamiaji walikuwa wanaongezeka. Mkutano wa wazazi tuliohudhuria sisi, nyuma yangu walikuwa wanaongea Kiamhari, mbele Kichina, na sisi katikati tunanong'onezana Kiswahili kuhusu maegesho.

Mimi ni zao la Kilakala, Morogoro. Shule ya vipaji maalumu, lakini hakuna aliyeniuliza kama kipaji changu kinapenda Morogoro. Majina yalitoka, langu likawemo, PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, basi. Mama akafungua fomu ya maelekezo akaanza kununua: tranka, godoro, ndoo, jembe, fyekeo. Kuchagua ilikuwa kazi ya serikali, kazi yangu ilikuwa kufika. Ndiyo maana nilipopewa wiki chache za kuchagua baina ya shule mbili, zote bure, nilichanganyikiwa kama niliyepewa menyu kwenye mgahawa usio na wali.

Upande wangu nilishaujua. Blair. Nilikuwa na hoja, tena za maana. Kwanza, usafiri. Tunakaa Burtonsville, na tangu mwaka 2020 kuna mabasi ya Flash yanayoteremka Barabara ya 29 mpaka Silver Spring. Mimi nayaita mwendokasi, kama yale mabasi ya haraka ya Dar, na watoto wameshazoea. Kituo cha University Boulevard kiko jirani kabisa na Blair. Mtoto akibaki kwenye klabu mpaka jioni, anapanda, anarudi, mimi niko kazini mpaka saa tano usiku sina wasiwasi. Richard Montgomery iko Rockville, kama kilomita 25. Basi la shule lipo, lakini likikuacha umeachwa. Ukisema treni, mstari mwekundu umekaa kama herufi U: unashuka mpaka katikati ya Washington ndipo upande tena upande wa pili. Ukisema gari, kuna barabara ya ICC, ya kulipia, inakusomea namba ukipita na bili inakufuata nyumbani.

Hoja ya pili, hesabu ni hesabu. Programu ya Blair inawapeleka watoto mpaka kwenye utafiti halisi wakati wa likizo ya kiangazi. Nani anakataa hilo?

IB nayo si mchezo, nisiidharau. Miaka miwili ya kwanza ni maandalizi, miwili ya mwisho ndiyo diploma yenyewe: masomo sita, nadharia ya maarifa, insha ya utafiti ya maneno 4,000, na alama za juu kabisa ni 45. Kule Dar es Salaam IB tulikuwa tunaisikia pale International School of Tanganyika, kwa watoto wa mabalozi, ada ambayo mshahara wa mwalimu hauisogelei. Huku mtoto wa mpima damu anaipata bila senti.

Bibi yake, Tanga, alisikiliza yote haya kwenye simu ya video. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, kwani hiyo shule ya hapo karibu haina walimu?"

Hatukumjibu vizuri, na bado sina jibu zuri. Shule ya mtaani kwetu ina walimu, ina watoto wanaofika mbali, na ingempa binti saa moja zaidi ya kulala kila siku. Masomo yanaanza saa 1:45 asubuhi. Kwa shule ya mbali maana yake yuko kituoni kabla ya saa kumi na mbili, Januari, giza, barafu. Mama mkwe aliuliza swali ambalo mimi na mume wangu tulikuwa tumeliruka kwa pamoja.

Usiku mmoja nilirudi kazini nikamkuta binti amelala juu ya meza ya jikoni. Kando ya mkono wake kulikuwa na zoezi la hesabu, limeisha, safi, jibu limewekewa kisanduku. Chini yake insha ya historia ambayo najua aliikabidhi wiki iliyopita na akapata alama zote. Alikuwa anaiandika upya. Amekata aya ya kwanza kwa kalamu nyekundu yake mwenyewe, na pembeni ameandika "uongo, sikuamini hili nilipoliandika."

Nilisimama pale na koti langu. Hesabu anaifanya kama anavyoosha vyombo: vizuri, na akimaliza amemaliza. Hii nyingine anairudia usiku, hakuna aliyemtuma. Nikaona aibu kidogo, maana mwendokasi nilikuwa nimeushika sana midomoni. Aliyetaka Blair ni yule msichana wa PCB ambaye hakupata nafasi ya udaktari.

Tukachagua Rockville. Usafiri wa jioni ukatatuliwa na familia ya Kihabeshi mtaa wa pili, mtoto wao anasoma hukohuko: wao wanarudisha Jumatatu na Jumatano, sisi Ijumaa, siku nyingine hakuna klabu. Baba yake alinung'unika juu ya bili za ICC mpaka Novemba hivi, akazoea. Mwaka wa kwanza binti alilia mara mbili ninazozijua.

Sasa yuko darasa la kumi na moja na anaiandaa ile insha ya maneno 4,000. Amechagua mkonge wa Tanga, wakati wa manamba, wale vibarua wa mashamba enzi za ukoloni, kwa sababu baba yake bibi alikuwa mmoja wao. Jumamosi iliyopita alipiga simu saa mbili asubuhi, Tanga saa tisa alasiri, daftari limefunguliwa.

"Kwani wazungu wanawafundisha mkonge?" bibi akauliza.

"Hapana, Bibi. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Bibi akacheka, akajifunga kanga vizuri kama anayetaka kupigwa picha, akaanza na kile kipande, kadi ya kazi yenye namba, alichopewa babake. Binti akainua mkono. "Taratibu, Bibi. Naandika."