Ulikinunua ama Ulipewa?

Juzi jioni tuligeuza kiti changu juu chini barazani, mimi nimekaa mkekani, binti yangu ameshika mswaki mkuukuu, tukitoa mchanga kwenye magurudumu. Mchanga wa huku kwetu Mtongwe, Mombasa, haumwachi mtu. Akafika kwenye kile chuma kilicho chini ya kikalio, akasugua, akaniita: "Baba, hapa pameandikwa 38." Nikamwambia huo ni upana wa nyonga zangu kwa sentimita. Akakitazama kiti, akanitazama mimi, kisha akauliza, "Kwani hiki ulikinunua ama ulipewa?"

Mtoto wa miaka tisa, na leo siku ya tatu sijampa jibu.

Kile cha kwanza nilipewa, hilo halina shaka. Nilikuwa nimetoka hospitali, miguu haina habari nami tangu nianguke kutoka kwenye ule mnazi, nikaitwa kwenye hafla. Tulipangwa mstari, tukapigwa picha, kila mmoja akakabidhiwa kiti sawasawa na cha mwenzake, awe mtoto awe mtu mzima. Kilikuwa kipana, cha kusukumia wagonjwa kwenye sakafu ya hospitali. Mlangoni kwetu hakikupita. Mchangani magurudumu ya mbele yalizama. Kikalio kikalegea kama machela, nami nikawa naketi upande mmoja bila kujua, maana kuanzia kiunoni kwenda chini sihisi kitu. Mama watoto ndiye aliyeona damu kwenye leso niliyokalia. Kile kidonda kilinilaza kifudifudi miezi minne. Sikumlalamikia mtu. Kitu cha bure utakirudisha kwa nani?

Mwaka 2012 mwenzangu mmoja akaniambia kuna karakana upande wa Bombolulu, watu wanatengenezewa viti kwa kipimo. Wafadhili hubeba sehemu kubwa ya bei, mwenyewe unachangia iliyobaki. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nilikuwa nayo, ile unayopewa ukishakaguliwa na daktari wa hospitali ya serikali. Shilingi 3,500 za mchango ndizo sikuwa nazo. Mama watoto akaomba zamu yake ya chama iletwe mbele.

Siku hiyo maji yalikuwa yametoka, na anayeijua feri ya Likoni anajua maji yakitoka mteremko wa kushukia unavyosimama. Vijana wawili nisiowajua walinishusha kinyumenyume. Ng'ambo, matatu mbili zikatukataa kwa sababu ya kiti, ya tatu ikakitoza nauli kama abiria.

Fundi alikuwa mtu mzima, naye alitembea kwa magongo. Hakuanza na futi ya kupimia. Aliketi mbele yangu, akaanza kuuliza. "Ndugu yangu, unalala kitandani ama chini? Mlango wa choo una upana gani? Nani anakuinua? Ukienda dukani unapita lami ama mchanga?" Tangu nianguke, kila mtu alikuwa ameniuliza nilivyoanguka. Hakuna aliyewahi kuniuliza naendaje dukani. Ndipo akatoa futi, akanipima nyonga, paja, goti hadi kisigino, mgongo hadi chini ya bega. Kila namba aliitaja kwa sauti, kijana wake akaiandika kwa chaki.

Baada ya wiki tatu nikarudi. Kiti kilikuwa na magurudumu mawili makubwa, na moja dogo lililotangulia mbele sana ili lisizame mchangani. Nikainuliwa, nikakalishwa juu ya mto wa sponji. Yule mzee akaweka magongo kando, akapiga magoti sakafuni. "Nitatia mkono chini yako," akasema, "uniwie radhi." Akaingiza vidole kati ya makalio yangu na ule mto. Mimi sikuhisi chochote. Nilichoweza ni kumtazama uso. Alikuwa amefumba macho, kama mkunga anayepapasa mimba. Akatoa mkono, akasema mfupa wa kushoto unambana vidole. Akachukua kisu, akachonga sponji, vipande vya manjano vikaanguka sakafuni, akaurudisha mto, akatia mkono tena. Bado. Akachonga tena. Mara ya nne akafumbua macho. "Sasa vidole vinacheza."

Miaka mitatu nilikuwa sijapata habari za mwili wangu huo, na sasa nimezipata kinywani mwa mtu mwingine. Nilimshika mkono, sikuweza kusema neno.

Kisha nikajaribu breki, ya kulia ikateleza. Nikamwambia. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, kama mtu aliyelipa. Akaikaza palepale.

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja na mwanawe. Kijana alikuwa ameshapimwa, mchango ndio haukupatikana. Alinisikia nikilalamikia breki. Akanitazama bila kinyongo, akaniambia, "Hongera, baba." Halafu akainama, akamfunga yule kijana mgongoni kwa leso, mtoto mkubwa, miguu yake ikamfika mamake magotini, wakatoka. Karatasi ya vipimo alikuwa ameikunja ndani ya kiganja.

Mpira nimebadilisha mara sijui ngapi, sponji mara tano, na kidonda hakijarudi. Kama ningepewa bure ningelinyamazia lile breki, nadhani. Lakini zilezile 3,500 zilizonipa mimi ulimi ndizo zilizomrudisha nyumbani yule mama na mtoto mgongoni, na kila nikijaribu kusema mchango ni jambo jema, ama ni jambo baya, namwona anavyokaza lile fundo la leso kifuani.

Sikumwuliza anakaa wapi. Pengine tulivuka feri moja jioni ile.

Leo asubuhi binti yangu ameniuliza tena, ameshika begi la shule. Nikamwambia aketi kidogo. Nikaanza kumsimulia, nikaanzia kwa yule mama.