Vipimo vya jeni vilirudi safi, lakini damu iliganda: uzoefu wangu

Siku ya tisa tangu nilazwe kwa nimonia, shavu la mguu wangu wa kushoto lilivimba, likawa la moto na zito, na ultrasaundi ikaonyesha bonge la damu ndani ya vena kubwa ya paja. Nilianzishiwa sindano za heparini, kisha vidonge vya warfarini, zote dawa za kuzuia damu kuganda, na kila nilipopimwa INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, ilitakiwa iwe kati ya 2 na 3. Tiba haikunishinda, lililonisumbua ni kwa nini.

Kwa kuwa mjomba wangu naye aliwahi kupata bonge, nilikwisha kujihukumu kwamba nimerithi kasoro. Daktari aliagiza nichunguzwe mabadiliko mawili yanayofahamika sana, lile la faktari ya tano (protini mojawapo ya kugandisha damu) liitwalo Leiden, lililotambuliwa mwaka 1994, na lile la jeni ya prothrombini, protini ambayo hugeuzwa kuwa trombini, kigandishi cha damu, lililoelezwa mwaka 1996. Sikukutwa na lolote, ingawa vipimo viwili havimalizi kila uwezekano.

Ajabu ni kwamba badiliko nisilokuwa nalo ndilo lililonifungua macho. Nilisoma kwamba katika jeni ya prothrombini herufi moja tu ya maandishi ya jeni, ya 20210, hubadilika mahali pasipoandika sehemu yoyote ya protini, kwa hiyo prothrombini hutoka ikiwa nzima kabisa, ila ini huitengeneza kwa wingi kupita kawaida. Kumbe damu huweza kuelekea kuganda kwa sababu ya kiasi, si ubovu, na kiasi huweza kupandishwa na jambo la muda bila herufi yoyote kubadilika.

Kwangu jambo hilo lilikuwa maambukizi. Chembe nyeupe zinapokutana na bakteria, protini iitwayo NF-kB, ambayo kwa kawaida hushikiliwa nje ya kiini cha seli, huachiliwa, ikaingia kiinini na kuwasha jeni za inflamesheni, ile hali ya mwili kuwaka kwa joto na uvimbe. Miongoni mwa jeni hizo imo ya tishu fakta, protini inayoanzisha mfululizo wa kuganda; wakati huohuo interlukini-6, protini ya kupeleka ujumbe kati ya seli, hulifikia ini, nalo huzidisha fibrinojeni, malighafi ya nyuzi za bonge, huku seli zilizotanda ndani ya mishipa zikipunguza trombomodulini, ambayo huizuia damu isigande ovyo. Trombini ikishapatikana huzichochea seli hizohizo ziwake zaidi. Juu ya hayo nilikuwa nimelala siku nane bila kutembea.

Nilimpelekea daktari maelezo haya daftarini (nadhani alicheka kimoyomoyo), akayakubali, akaongeza kwamba ndiyo maana bonge lililoletwa na sababu ya kupita kwa kawaida hutibiwa miezi 3, si maisha yote. Niliimaliza, nikaacha dawa chini ya uangalizi wake. Siku hizi nikipata homa kali huwahi hospitali, hujilazimisha kutembea hata kama ni kuzunguka chumba, na nikilazwa humweleza muuguzi habari za mguu ule kabla ya yote, ili waamue kama nahitaji heparini ya kinga. Nilipolazwa mara ya pili walinipa, na mguu haukuvimba.