Siku Moja Maishani Mwangu: Kutwa Nyuma ya Sokwe wa Gombe

Saa 11:00 alfajiri ninaondoka kambini kwa watafiti, katika Hifadhi ya Gombe, magharibi mwa Tanzania, nikiwa na tochi, darubini na karatasi za kumbukumbu, nikipanda bonde kuelekea mti ambao wenzangu waliuandika jana jioni kuwa ndipo alipolala jike tunayemfuata pamoja na bintiye wa miaka mitatu. Chini kabisa, taa za wavuvi wa dagaa bado zinawaka katika Ziwa Tanganyika. Ni lazima nifike kabla mama huyo hajaamka, kwa kuwa kumbukumbu iliyokosa mwanzo wa siku haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Saa 12:20 majani yanatikisika na mama anashuka, mtoto akiwa amening'inia tumboni. Ninavaa barakoa na kubaki umbali wa mita 10, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua. Kuanzia hapo, kila baada ya dakika 15 ninaandika alipo, na aliye pamoja naye.

Saa 3:00 asubuhi anatokea dume mkubwa, manyoya yamemsimama. Mama anamwendea akiwa ameinama, akitoa miguno mifupi ya kuhema. Mguno huo hutolewa na mdogo kwa mkubwa, na kwangu una thamani kuliko ugomvi wowote: ukiuandika kwa miaka mingi unaiona ngazi ya vyeo vya jamii nzima bila kungoja damu imwagike. Kisha wanaketi kuchambuana manyoya. Wenzao wa hifadhi ya Mahale, kusini katika ufuko huu huu, hushikana mikono juu ya vichwa wanapofanya hivyo, desturi ambayo huku si ya kawaida.

Saa 5:00 tunafika kwenye kichuguu. Mvua za Novemba zimeulainisha udongo, na huu ndio msimu wa kuvua mchwa. Mama anakwangua tundu kwa kidole, anavunja kijiti, anakipukutisha majani, anakiingiza taratibu na kusubiri. Mchwa askari wanakiuma kwa hasira, naye anakivuta polepole na kuwakokota kwa midomo. Mtoto amesogeza uso karibu kabisa na mkono wa mama. Anaokota kijiti kilichotupwa, kinene mno, anakichomeka na kukitoa kitupu; anarudi kutazama. Mama hamwelekezi wala hamshiki mkono, ila anamvumilia, na uvumilivu huo ndio shule yenyewe. Utafiti wa hapa Gombe umeonyesha kwamba mabinti hujua kuvua karibu miaka miwili kabla ya kaka zao, kwa kuwa wao hukaa kumtazama mama wakati madume wadogo wanacheza. Saa 6:40 mtoto anatoa kijiti chembamba chenye mchwa mmoja kwenye ncha, anamtazama, anamla. Nimeiandika dakika hiyo kwa mkono uliotetemeka kidogo.

Mwaka 1960, katika msitu huu, mtafiti Jane Goodall aliona sokwe wakitengeneza vijiti vya namna hii, wakati ambapo utengenezaji wa zana ulihesabiwa kuwa wa binadamu peke yake. Babu yetu wa pamoja na sokwe aliishi takriban miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita. Ikiwa naye alivua kwa kijiti, kijiti hicho kilioza zamani na hakuna mchimbaji atakayekipata. Kwa hiyo ninaamini kwamba saa hizi mbili za kukaa kando ya kichuguu ni sehemu ya kuitafuta historia ambayo mawe hayakuihifadhi.

Mchana mvua inanyesha, nao wanakaa tu.

Saa 12:10 jioni mama anakunja matawi kuwa kiota, na mtoto anaingia kifuani pake. Akibalehe, huenda binti huyu akahamia jamii nyingine, kama majike wengi wa aina yake wafanyavyo huku madume wakibaki kwao, na ujuzi wa leo utakwenda naye. Ninaandika bonde, mti na saa ya kiota, kisha ninashuka kumkabidhi karatasi mwenzangu wa zamu ya kesho.