Kumbukumbu ya mradi: Kumtafuta Mekatilili katika majalada ya PC wa Pwani

Kwa wageni, nieleze kidogo. Ninajaribu kuyapanga matukio ya 1913 na 1914, Wagiriama wa pwani ya Kenya walipoipinga serikali ya Waingereza wakiongozwa na mwanamke wa kwao, Mekatilili, siku kwa siku na mahali kwa mahali, kisha niyaweke kwenye ramani. Masimulizi ya wazee wa kwetu Kilifi ninayo. Nilichokuwa sina ni karatasi za serikali yenyewe, na karatasi hizo ziko Nairobi, Moi Avenue, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo ambalo wengi wetu tunalijua kwa kukutania nje yake, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Chini kuna hazina ya sanaa ya Joseph Murumbi. Chumba cha kusomea kiko juu.

Utaratibu hauna ugumu. Unajiandikisha, unaacha mkoba, unaingia na penseli na daftari. Kalamu ya wino haikubaliwi, kwa kuwa tone moja likianguka juu ya karatasi ya 1913 halitoki tena. Unatafuta namba ya jalada katika orodha, unajaza kikaratasi cha ombi, unangoja. Mimi ninaanzia PC/COAST, yaani majalada ya PC (Mkuu wa Jimbo) wa Pwani, kisha ninashuka kwenye vitabu vya kumbukumbu za wilaya na taarifa za mwaka. Majina ya watu yanahitaji subira, maana maafisa waliyaandika kama masikio yao yalivyoyapokea. Mekatilili mwenyewe jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi wa Menza, kwa hiyo ninasaka yote mawili, na kila tahajia ninayoweza kuiwazia.

Kuhusu mikono: ndugu yangu mmoja aliniuliza kama ninavaa glavu nyeupe, kama tunavyoona kwenye filamu. Kwa karatasi, hapana. Glavu inapunguza hisi za vidole, na karatasi kavu inachanika kabla hujajua umeivuta. Unanawa mikono, unaikausha vizuri, unaliacha jalada lilale mezani, na unapogeuza ukurasa unatia kiganja chini yake uubebe wote. Glavu ni za picha.

Nyingi ya kurasa hizi ni nakala za kaboni, karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiziinua kwenye mwanga unaona mahali herufi za taipureta zilipobonyea. Pini za zamani zimeshika kutu na kuacha alama ya kahawia kwenye kona. Pembeni kuna maandishi ya mkono, ya afisa aliyeisoma taarifa baada ya kufika kwake: mstari chini ya sentensi, alama ya kuuliza, herufi mbili za jina na tarehe. Hapo ndipo nimetumia muda wangu mwingi. Taarifa iliyochapwa inakwambia afisa alitaka mkubwa wake ajue nini. Penseli ya pembeni inakwambia mkubwa aliamini nini.

Na hili ndilo jambo kubwa nililolipata awamu hii. Taarifa ilipanda ngazi: kutoka kwa Arthur Champion, msaidizi wa DC (Mkuu wa Wilaya) aliyepelekwa Ugiriama 1912 kukusanya kodi ya nyumba na kutafuta vibarua wa mashamba ya wazungu, hadi kwa Charles Hobley, PC wa Pwani, kisha kwa Gavana. Katika kurasa nilizosoma, kila ilipopanda, majina yalipungua. Chini kuna mzee fulani wa kijiji fulani. Juu kuna "Wagiriama". Aliye juu alitia saini amri ya kuwahamisha watu kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki akiwa na hilo neno moja tu mbele yake.

Ndiyo maana nyaraka za wilaya na jimbo zina thamani ya pekee kwetu. Moto wa 1939 uliteketeza nyaraka nyingi za Sekretarieti ya kikoloni Nairobi. Nakala zilizobaki huku chini, zilizokaa katika ofisi za pwani, ndizo zenye watu wenye majina.

Ramani sasa ina uti wa mgongo. Kiapo cha kuipinga serikali huko Kaya Fungo, makao matakatifu ya jadi ya Wagiriama, 1913. Kukamatwa kwa Mekatilili na mwenzake katika upinzani, mzee Wanje wa Mwadorikola, Oktoba mwaka huohuo, na kupelekwa kwao uhamishoni Kisii. Kutoroka kwao Januari 1914 na kurudi pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 700. Kulipuliwa kwa Kaya Fungo kwa baruti Agosti 1914, mwezi uleule Uingereza ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza.

Halafu kuna kuku. Kila mtoto wa Kigiriama amesimuliwa: Mekatilili alimletea Champion kuku na vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Mzungu akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Basi na sisi ukitaka kutuchukulia vijana wetu, utaona. Hawe wangu, yaani bibi yangu, aliisimulia akionyesha kwa vidole jinsi kuku alivyodonoa. Katika majalada niliyofungua sijamkuta kuku huyo hadi leo, na wala sioni kwa nini afisa angeandika kwa mkubwa wake kwamba alidonolewa mbele ya baraza. Kwenye ramani ninamweka, kwa rangi ya masimulizi. Tukio la karatasi lina rangi yake, na yale yanayothibitishwa pande zote mbili yana rangi ya tatu. Mzee akisema jambo lilitokea siku ya Jumwa, katika juma letu la siku nne, ninaiandika Jumwa hivyohivyo kando ya tarehe ya serikali.

Zamu ijayo ninaomba majalada ya Kisii. Nataka kuona upande wa pili uliandika nini asubuhi ile walipogundua wafungwa hawapo, na njia gani waliwatafutia. Pia nimenakili orodha ya majina ya wazee kama yalivyoandikwa na maafisa, nitaipeleka Ugiriama isomwe kwa sauti. Mwenye jamaa kati ya Kaloleni na Sabaki anayependa kusikiliza, aniandikie.